Kabla Bastola Haijakaa Kiunoni

Wanaoniuliza habari za bastola siku hizi si wapenda sifa. Ni mnunuzi wa dhahabu anayetoka Buhemba na giza likamkuta Kiabakari. Ni mama mwenye mitumbwi pale Makoko, anayelipa wavuvi wake kabla jua halijachomoza. Ni mfanyabiashara wa ng'ombe wa Bunda anayezunguka minadani na fedha kwenye mfuko wa ndani wa koti. Swali lao ni moja, "Ninunue ipi?", na kila mara nawarudisha hatua moja nyuma: fedha hiyo ni lazima uibebe wewe mwenyewe, saa hiyo, kwa njia hiyo?

Jambazi wa njiani anaishi kwa habari. Anajua nani kauza, nani kanunua, atapita wapi na ataongozana na nani. Anayelipa kwa simu, anayeweka fedha benki kabla ya jioni, anayebadilisha saa na dereva, amemnyima jambazi habari hiyo, na hakuna silaha inayoweza kuifanya kazi hiyo badala yake. M-Pesa ilianza hapa nchini 2008. Leo hata mwaloni yupo wakala chini ya mwavuli. Baada ya kupunguza kila kinachopungua, wanabaki wachache ambao kazi yao haikwepeki, maana dhahabu haitumwi kwa simu na mwenye ng'ombe wa mbali bado anataka kuzihesabu noti kwa vidole vyake. Makala haya ni ya hao wachache.

Njia ya kuipata ni moja na ni ndefu. Sheria ya udhibiti wa silaha na risasi, Namba 2 ya 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991, inamtaka mwombaji awe ametimiza miaka 25, awe na akili timamu, asiwe mtu wa fujo wala mtumwa wa kilevi, na awe na cheti kinachothibitisha kwamba amefundishwa kutumia silaha. Maombi yanaanzia kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji, yanapita kamati za ulinzi na usalama, polisi wilaya na polisi mkoa, hadi kwa msajili makao makuu. Jiandae kusubiri kwa miezi.

Wengi hukwama kwa sababu wanaandika barua ya maneno matupu: "Naomba silaha kwa ajili ya usalama wangu na mali zangu." Kila mtu ana mali na kila mtu anataka usalama. Weka leseni ya biashara, karatasi za TRA, taarifa ya benki inayoonyesha mzunguko wa fedha, na kama uliwahi kuvamiwa au kutishiwa, namba ya RB ya siku uliyoripoti. Eleza njia unayopita na kwa nini fedha haiwezi kupita kwingine. Usiichukie ile hatua ya mtaa hata kama mwenyekiti anakuzungusha. Huyo ndiye anayejua kama majirani wanaamka usiku kwa kelele za ugomvi wa nyumbani kwako. Na ofisa atakayelisoma faili lako ana kumbukumbu ya mkoa mzima wa Mara. Baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 silaha za kivita zilizagaa vijijini, hasa upande wa Tarime, na wizi wa ng'ombe uliokuwa wa mishale na mapanga ukawa wa risasi. Hadi leo Tarime na Rorya ni mkoa wa kipolisi peke yake. Sisi watu wa Mara tuna sifa ya ukali, na nusu ya sifa hiyo tumejipa wenyewe kwa majigambo. Usishangae ikikutangulia ofisini.

Njia ya uchochoroni usiiwaze. Atakayekuambia ipo bastola "safi" ya jamaa aliyehama anakuuzia kifungo. Kumiliki silaha bila leseni kwa kawaida hushtakiwa kama kosa la uhujumu uchumi, na adhabu yake ni kati ya miaka 20 na 30. Kuazimana nako ni hivyo hivyo, kwa kuwa leseni ni ya mtu. Shemeji yako mwenye kitabu cha silaha hawezi kukupa bastola yake uende nayo Nyamuswa kwa siku moja.

Sasa tuje dukani. Shirika la Mzinga la Morogoro, lililoanzishwa 1971, hutengeneza risasi na kuuza silaha, na wapo wauzaji binafsi wenye vibali, wengi wao Dar es Salaam. Kabla hujaitazama bastola, uliza risasi. Ni ipi inayopatikana mwaka mzima, kwa bei unayoimudu, na utaipata wapi ukiwa Musoma? Bastola nzuri ambayo risasi zake ni za kuwinda itakufanya usifanye mazoezi, na asiyefanya mazoezi amenunua chuma tu.

Hapa kuna mtego ambao wauzaji wasio makini hawautaji. "Milimita tisa" si risasi moja. Ipo iliyoenea duniani kote, yenye ganda la milimita 19, iliyobuniwa na Mwaustria Georg Luger mwanzoni mwa miaka ya 1900. Ipo ya Makarov, bastola ya Kisovieti, yenye ganda la milimita 18. Ipo na fupi zaidi, ya milimita 17. Zote zinaitwa tisa na haziingiliani. Soma maandishi kwenye mtutu, soma kitako cha risasi, hakikisha yanalingana, kisha angalia kama yanalingana pia na kilichoandikwa kwenye kitabu chako. Kwa mtu wa kawaida nashauri ile ya milimita 19, kwa sababu ndiyo utakayoipata.

Ukubwa ndio unaowapoteza wengi. Bastola ndogo ya kuenea kiganjani inavutia kwa sababu inafichika, lakini wepesi wake ndio unaoifanya iruke mkononi, na kitako kifupi kinakiacha kidole cha mwisho kikielea hewani. Mtu anafyatua mara mbili, anaogopa, hairudii tena hadi siku ya balaa. Rivolva fupi ya risasi tano ina faida ya kueleweka haraka na haina magazini ya kusumbua, ila kifyatulio chake ni kizito na teke lake ni kali. Naiona ni silaha ya mzoefu, ingawa wauzaji hupenda kuwapa wanawake na wazee. Upande wa pili kuna Browning Hi-Power ya 1935, risasi 13, imara, ambayo wazee wengi wanaiheshimu, lakini karibu kilo nzima ya chuma kiunoni tangu asubuhi hadi jioni ni adhabu, na mtu huishia kuiacha nyumbani. Bastola za ukubwa wa kati, za fremu ya plastiki, ziliondoa sehemu kubwa ya tatizo hilo. Glock 19, iliyotoka 1988, ina gramu kama 600 bila risasi na magazini yake inabeba 15. Sisemi ununue hiyo. Nasema tafuta ya umbo hilo, kutoka kiwanda chochote kinachoaminika, inayolingana na mkono wako na mfuko wako.

Mkono unapimwa hivi. Hakikisha haina risasi, ishike kama utakavyoifyatua. Mtutu unyooke na mfupa wa kigasha, na ncha ya kidole cha shahada ifike kwenye kifyatulio bila kuupindisha mshiko. Kisha koki. Yule mama wa Makoko aliambiwa hana nguvu ya kukoki. Hakukosa nguvu, alikosa kuelekezwa. Ilete bastola karibu na kifua, mtutu ukielekea mbele palipo salama, ishike slaidi, ile sehemu ya juu inayorudi nyuma, kwa kiganja kizima badala ya vidole viwili, halafu usukume kitako mbele kwa nguvu huku mkono wa juu ukivuta nyuma. Mikono iliyozoea kuvuta nyavu haishindwi hapo.

Kama ni iliyotumika, mulika ndani ya mtutu. Kutu ikionekana, achana nayo. Linganisha namba ya silaha na karatasi herufi kwa herufi. Na zile zinazong'aa kwa rangi ya fedha waachie wacheza sinema.

Watu hutumia miezi kuchagua bastola na dakika tano kuchagua ala, ilhali ala ndiyo inayoamua kama utapigwa na risasi yako mwenyewe. Iwe ngumu, ya ngozi nene au plastiki, na ifunike kifyatulio chote kiasi kwamba hata ukibonyeza kwa nje hakuna kinachosogea. Ibaki wazi unapoichomoa bastola, ili usihangaike kuirudisha. Ishikane na mkanda, na mkanda wenyewe uwe mzito. Zile ala laini za kitambaa hukunjamana zikaingia kwenye kifyatulio. Kuchomeka bastola tupu kwenye suruali, kama tuonavyo kwenye filamu, ni kuomba jeraha la paja, na paja lina mshipa mkubwa unaoweza kukumaliza kabla hujafika hospitali ya Kwangwa.

Nguo zetu zinasaidia. Joto la Musoma halitaki koti, lakini shati la kitenge lenye maua, lisilochomekewa, linaficha kuliko suti, kwa sababu jicho linapotea kwenye rangi. Shati jeupe jepesi linachora umbo lote. Jitazame kwenye kioo ukiinama kufunga kamba za viatu, ukinyoosha mkono kama anayepandisha mzigo juu ya Hiace, ukipanda bodaboda. Hapo kwenye bodaboda shati hupeperuka nyuma, kwa hiyo silaha ya mgongoni huonwa na kila gari linalofuata. Ndani ya gari, mkanda wa usalama unaweza kuubana mpini. Pangilia kabla ya safari, usije ukapapasa njiani. Kwa akina mama, mkoba ni mahali pabaya, maana ndio wa kwanza kuporwa. Kama hakuna budi, uwe na sehemu yake peke yake isiyo na funguo wala poda, ala ikiwa ndani, na mkoba usiwekwe chini wala usipewe mtoto ashike.

Kuficha kwenyewe, hata hivyo, zaidi ya nusu ni mdomo. Dereva wako akijua, kijiwe kizima kitajua, na jambazi akijua atakuja na wenzake watatu kwa sababu sasa bastola nayo ni mali ya kuiba. Mwenzi wako ajue, polisi wajue, basi. Kule kujipapasa kiunoni kila baada ya dakika mbili nako kunasema, acha mapema.

Sasa mazoezi. Wengi wananiambia, "Mura, mimi nilipita JKT," na hapa kwetu kambi ya Rwamkoma, wilayani Butiama, imewafundisha vijana wengi kushika silaha. Wengine walipita mgambo. Ni msingi mzuri wa nidhamu. Lakini pale ulilala chini, ukaegemeza bunduki ndefu begani, ukangoja amri. Bastola haina bega. Kati ya kilengeo cha nyuma na cha mbele kuna sentimita kama 15 tu, kwa hiyo kilengeo cha mbele kikiyumba milimita moja, risasi inapotea karibu sentimita tano kwenye mita saba, na zaidi ya sentimita 16 kwenye mita 25. Kosa ambalo bunduki ndefu ingelisamehe, bastola inalitangaza.

Uwanja wa shabaha, ambao waliopita kambini wanauita rengi, upo chini ya vyombo vya ulinzi, na raia hajipeleki. Andika barua kwa mkuu wa polisi wa wilaya. Inasaidia mkiwa wamiliki kadhaa wenye leseni na mkaomba siku moja na mkufunzi kwa pamoja. Ombi la kikundi kilichojipanga hujibika kirahisi kuliko la mtu mmoja mmoja. Usijifanyie rengi shambani. Risasi ya milimita tisa inasafiri zaidi ya kilomita moja, bati na mbao haviizuii, ikigonga majabali yetu ya Musoma na Bunda inarudi inakotaka yenyewe, na ikigonga maji ya ziwa kwa pembe ndogo inaruka kuelekea kwenye mitumbwi. Isitoshe mlio mmoja tu utaleta yowe, na yowe litaleta sungusungu, na maelezo yako yatakuwa ya kuchekesha kwa kila mtu isipokuwa wewe.

Habari njema ni kwamba sehemu kubwa ya mazoezi haihitaji risasi. Chagua chumba kimoja na ukuta mmoja imara wa matofali ambao nyuma yake hakai mtu. Toa magazini. Koki, tazama chemba kwa jicho, kisha ipapase kwa kidole kidogo. Peleka risasi zote chumba kingine na ufunge. Rudi, kagua tena. Bandika karatasi yenye doa dogo. Simama miguu sawa na mabega, magoti yamelegea kidogo, mikono miwili, kiganja cha pili kijaze nafasi iliyobaki kwenye mpini. Jicho likae kwenye kilengeo cha mbele. Doa liwe na ukungu kidogo. Bonyeza taratibu, moja kwa moja nyuma, hadi kidude kilie "ta" bila kilengeo kuhama. Mtu mwingine akuwekee sarafu ya shilingi 200 juu ya kilengeo. Isipodondoka unaendelea vizuri. Kwa baadhi ya silaha za zamani tumia risasi bandia ili usiharibu pini.

Dakika kumi, kisha acha. Acha kwa sauti: sema "nimemaliza", weka bastola mahali pake, toka chumbani. Ajali nyingi za nyumbani hutokea katika lile zoezi la nyongeza, mtu ameshajaza magazini, amekumbuka kitu, akanyanyua mkono mara moja zaidi.

Ukishamudu kufyatua, jifunze kuichomoa bastola, ukiwa umevaa nguo zilezile unazokwenda nazo kazini. Mkono wa kushoto unyanyue shati juu kabisa hadi kifuani, maana shati lililonyanyuliwa nusu hunaswa na mpini. Wa kulia ushike mpini wote kabla ya kuvuta. Kidole cha shahada kinyooke ubavuni mwa silaha, nje ya kifyatulio, na kibaki hapo mpaka umeamua. Mikono ikutane kifuani, isukume mbele. Fanya polepole mno; kasi itakuja yenyewe. Fanya umekaa kwenye kiti cha gari. Fanya ukiwa umeshika simu, kwa kuwa siku hiyo utakuwa umeshika simu, na ujizoeze kuiachia ianguke.

Ukipata siku ya rengi na boksi moja la risasi 50, usianze mita 25 ili uwafurahishe wenzako. Mashambulizi ya barabarani hutokea karibu, ndani ya hatua chache. Anza mita tatu, kwenye karatasi ya A4, risasi tano tano, nenda mita tano, kisha saba. Zile tano za kwanza kabisa, ukiwa hujapasha mwili, ndizo kipimo chako cha kweli. Ziandike kwenye daftari. Anayetumia mkono wa kulia risasi zake zikienda chini kushoto, silaha haina kosa: anaushtukia mlio kabla haujatoka. Mwombe mwenzako akuchanganyie risasi bandia kwenye magazini bila wewe kujua ipo wapi. Ikifika zamu yake utauona mtutu wako ukizama, na ukishauona utajirekebisha.

Je, utembee na risasi chemba? Wazoefu wanabishana, nami nina upande. Kama ala yako si ngumu, au bastola yako haina kitasa cha usalama cha nje, au hujafanya zoezi la kuchomoa hadi mkono ukajua wenyewe, chemba ibaki tupu. Unapoteza muda mfupi wa kukoki, lakini unalala na mguu mzima. Anayebeba ikiwa na risasi chemba akumbuke kwamba risasi ileile ikiingizwa na kutolewa kila siku, kichwa chake husukumwa ndani ya ganda taratibu, na presha ikapanda kuliko inavyotakiwa. Ibadilishe.

Kuna mahali ambapo silaha haiendi. Kwenye pombe, hata bia moja. Januari 2020, ndani ya klabu ya usiku Nairobi, DJ alipigwa risasi mbele ya kamera za ulinzi, na Afrika Mashariki nzima ikaiona video ile. Ukiwa na ratiba ya baa, harusi au kilio cha ndugu ambako hasira na urithi hukaa meza moja, iache kasikini. Mkutano wa siasa nao ni hivyo hivyo. Machi 2017 Watanzania walimwona mtu aliyevaa kiraia akimchomolea bastola Nape Nnauye, aliyekuwa ametoka tu kuondolewa uwaziri, mbele ya waandishi wa habari. Hakuna risasi iliyotoka, na bado watu wanaikumbuka. Kuchomoa peke yake ni tukio.

Kwa watu wa Mara kuna jambo la pekee. Basi la Musoma kwenda Arusha linapita katikati ya Hifadhi ya Serengeti. Sheria ya hifadhi za taifa hairuhusu kuingia na silaha bila kibali, na mlinzi wa getini, katika eneo lililoumizwa na ujangili miaka mingi, hatajali kwamba yako ni ya biashara ya samaki. Tafuta kibali cha maandishi mapema, au zunguka kwa Mwanza na Shinyanga. Upande wa Sirari, leseni yako inaishia mpakani. Ukivuka kwenda Isebania nayo umekuwa mhalifu katika nchi ya wengine.

Kutumia ni somo ambalo ningetaka kila mwombaji alisome kabla ya duka. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 18A, inakupa haki ya kujitetea wewe, mwingine, au mali. Kifungu cha 18B kinaiwekea haki hiyo mipaka: nguvu iwe ya kadiri inayohitajika, na ukizidisha hadi mtu akafa, ni kosa la kuua bila kukusudia, ambalo adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha. Tafsiri yake kwa barabara ya Kiabakari ni hii. Mtu ameinua panga juu yako na huna pa kukimbilia: tetea uhai wako. Mtu ameshachukua begi na anakimbia amekupa mgongo: mwache aende. Najua inavyouma, na najua wazee wengine watasema huo ni uoga. Wao hawatasimama kizimbani nawe.

Hata ukiwa na haki, hatari haijaisha. Septemba 21, 2013, magaidi walipovamia jengo la Westgate Nairobi na kuua watu 67, raia wenye bastola za leseni waliingia kusaidia kuokoa watu. Mmoja wao, Abdul Haji, alikwenda kumtafuta kaka yake, akasaidia kuwatoa wengi, na baadaye akawa seneta wa Garissa. Ni mfano wa ujasiri na ninauheshimu. Lakini siku hiyohiyo kamanda wa kikosi maalumu cha polisi, Recce, aliuawa kwa risasi za upande wake mwenyewe, katika mkanganyiko wa nani ni nani. Kama ofisa mwenye mafunzo alichanganywa na adui, wewe mwenye shati la kitenge na bastola mkononi, kijijini, usiku, watu wakipiga yowe la mwizi, utachukuliwa kuwa nani? Hatari ikiisha, rudisha silaha kwenye ala, inua mikono, jitambulishe kwa sauti. Piga 112. Mtu aliyejeruhiwa, hata kama ni aliyekuvamia, apelekwe hospitali, na PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, ifuatiliwe. Usiokote maganda ya risasi, usihamishe kitu, usikimbie, na maelezo marefu subiri uwe na wakili.

Nyumbani, kasiki la chuma lililofungwa kwa boliti ukutani. Chini ya godoro, juu ya kabati na kwenye begi la nguo ni mahali ambapo watoto hufika kwanza. Ufunguo uwe nawe. Bastola ikipotea au kuibwa, ripoti kituoni saa hiyohiyo, maana kila saa ya kuchelewa inaweza kuwa saa ambayo mtu anaitumia kwa jina lako.

Jasho na mvuke wa ziwa huleta kutu. Vumbi la Bunda huingia kwenye magazini. Futa silaha kila jioni uliyoivaa, isafishe kamili kila baada ya rengi, na mafuta yawe tone tu: ya silaha, au ukikosa, ya cherehani. Mafuta ya kupikia yanaganda, na grisi inakusanya mchanga. Risasi unazotembea nazo zipeleke rengi mara moja kwa mwaka uzifyatue, uweke mpya. Mwezi wa kulipia leseni uandike kwenye kalenda ya ukutani.

Halafu andika karatasi moja, umwachie mwenzi wako: silaha ni aina gani, namba yake, ufunguo wa kasiki uko wapi, na kituo cha polisi kinachoitambua. Bastola hairithiwi kama ng'ombe. Mwenye leseni akifariki inatakiwa ipelekwe polisi, na mtoto anayeitaka aanze maombi yake kwa mwenyekiti wa mtaa kama ulivyoanza wewe. Matanga yakiwa marefu na watu wengi wakilala nyumbani, isisubiri arobaini. Mtu mmoja wa familia aipeleke kituoni siku ileile, kasiki likiwa limefunguliwa mbele ya balozi au mwenyekiti wa mtaa.